Mtu Kwanza: Namna Tunavyozungumza juu ya Watu Wenye Ulemavu Katika Mitandao ya Kijamii



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mashamba, mipaka ya usheferi, vijana na silaha, na namna ya kupatanisha familia zilizokosana. Leo tunawaletea somo ambalo wengine wataliona liko mbali na amani. Tutajifunza namna watu wenye ulemavu wanavyotajwa katika simu zetu: katika makundi ya WhatsApp, Facebook na TikTok, na katika zile video fupi zinazotumwa kutoka mkono hadi mkono kila mtu anaponunua mega.

Somo hili linaweza kutumiwa katika kikao cha kikundi kwa muda wa saa mbili hivi. Likimalizika, washiriki wawe na uwezo wa mambo matatu: kutambua maneno na picha zinazomvunjia mtu heshima yake, kueleza kwa nini maneno hayo yanaharibu amani, na kuandika au kutuma habari juu ya mtu mwenye ulemavu kwa namna inayomheshimu.

1. Kwa nini jambo hili ni la amani?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 1,3 wanaishi na ulemavu mkubwa. Ni kama mtu 1 kati ya watu 6 duniani. Kwa hiyo, katika kundi la WhatsApp lenye wanachama 200, ni lazima tufikiri kwamba wako wengi ambao jambo hili linawagusa wao wenyewe, au mtoto wao, au mzazi wao. Anayetuma mzaha hawaoni. Wao wanauona mzaha, wananyamaza.

Tena, hapa kwetu mashariki mwa Kongo, vita vyenyewe vinaongeza hesabu hiyo. Risasi, bomu, mguu uliokatwa kwa sababu mtu alichelewa kufika hospitali, mtoto aliyekosa chanjo kwa sababu familia ilikuwa njiani inakimbia: hizo zote ni njia za ulemavu. Huko Goma, kituo cha Shirika la Umoja, na huko Bukavu kituo cha Heri Kwetu, kwa miaka mingi vimekuwa vikitengenezea watu viungo bandia na kuwafundisha kutembea tena. Haiwezekani kujenga amani huku tukiwacheka watu ambao vita vimewaumiza.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kupita zote. Historia inatufundisha kwamba maneno ya kumpunguza mtu utu hutangulia vitendo. Huko Ujerumani, kabla ya vita vya pili vya dunia, serikali ya Hitler ilibandika picha kuonyesha kwamba mgonjwa mmoja wa kurithi anawagharimu wananchi pesa nyingi sana katika maisha yake. Watu wenye ulemavu waliitwa walaji wasio na faida. Kuanzia mwaka 1939 wakaanza kuuawa kwa amri ya serikali, na kufikia Agosti 1941 zaidi ya watu 70.000 walikuwa wameuawa katika vituo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Nchini Tanzania, watu walisema kwa miaka mingi, kama mzaha tu, kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka, na kwamba yeye si mtu kamili. Mzaha huo ulikuwa kama udongo uliolimwa tayari. Katika miaka ya 2000, wafanyabiashara wa uchawi walipoanza kudanganya watu kwamba viungo vya mwili vya watu hao vinaleta utajiri, mbegu mbaya iliota haraka. Watu wazima na watoto waliuawa au kukatwa mikono. Mwaka 2008 mauaji ya namna hiyo yalionekana Burundi pia. Waliofanya mauaji hawakuwa wengi. Lakini waliokuwa wamerudia maneno yale kabla ya mauaji walikuwa wengi mno.

2. Sura sita tunazoziona katika simu zetu

Tulipokaa na vikundi mbalimbali na kuuliza washiriki wafungue simu zao, tuliona kwamba habari nyingi juu ya watu wenye ulemavu zina sura sita. Mwezeshaji anaweza kuziandika ubaoni.

Sura ya kwanza ni mzaha. Video ya mtu anayetembea kwa shida inatiwa muziki. Picha ya mtu mwenye uso wa namna ya pekee inaandikwa "huyu ndiye bwana arusi wako". Mtu aliyepigwa picha hakuulizwa, na mara nyingi hajui kwamba uso wake unazunguka katika miji ambayo hajawahi kufika.

Sura ya pili ni tusi la wapinzani. Hapa mtu mwenye ulemavu hayupo kabisa, lakini ulemavu wake unatumiwa kama jiwe la kutupia wengine. "Viongozi wetu ni vipofu." "Watu wa kabila lile ni viziwi, hawasikii mpaka wapigwe." "Chama cha wendawazimu." Tusi la namna hii linaumiza mara mbili: linachochea chuki kati ya jamii na jamii, na papo hapo linafundisha kwamba kutoona, kutosikia au kuugua akili ni aibu. Kikundi cha amani kinachopiga vita matusi ya kikabila kisiliache hili lipite chini ya meza.

Sura ya tatu ni huruma ya kuuza. Mtoto mwenye ulemavu anapigwa picha akiwa amevaa nguo zilizochanika, analia, na chini yake kuna nambari ya simu ya kutumia pesa. Yako maombi ya kweli, na kusaidiana ni desturi yetu njema. Lakini tujiulize: je, familia ilikubali? Pesa zinamfikia nani? Na mtoto huyo akiwa na miaka 20, akitafuta kazi au mchumba, picha ile itakuwa wapi? Itakuwa bado ndani ya simu za watu.

Sura ya nne ni muujiza na laana. Kuna video ambamo mtu anaamriwa atupe magongo yake mbele ya umati. Kuna sauti zinazoeleza kwamba mtoto wa namna fulani ni mchawi, au kwamba mama yake alivunja mwiko. Hatubishani na imani ya mtu yeyote, na kuombea mgonjwa ni jambo jema. Lakini mtu akiamini kwamba kifafa ni pepo tu, ataacha dawa zinazoweza kutuliza kifafa. Na mzazi akiamini kwamba kupooza ni laana, ataona chanjo haina kazi.

Sura ya tano ni shujaa wa ajabu. "Hana mikono lakini anafua nguo. Wewe mwenye mikono una sababu gani?" Maneno haya yanaonekana mazuri, na wanaoyatuma wana nia njema. Lakini angalia: mtu huyo ametumiwa ili wengine wajisikie vizuri. Mwandishi Stella Young wa Australia, ambaye alitumia kiti cha magurudumu, alieleza jambo hili mbele ya watu wengi mjini Sydney mwaka 2014: alikataa kusifiwa kwa kuamka tu kitandani na kukumbuka jina lake. Timu ya nchi yetu iliposhiriki kwa mara ya kwanza michezo ya Paralimpiki mjini London mwaka 2012, wanamichezo walistahili sifa kwa mazoezi yao na kwa kazi yao. Sifa ya namna hiyo ni sifa ya haki. Kumsifu mtu kwa sababu anafua nguo zake ni kusema kwamba hatukutazamia kitu chochote kutoka kwake.

Sura ya sita ni bendera ya vita. Mtu aliyekatwa mguu, au mtoto aliyejeruhiwa, anapigwa picha na kila upande unaituma ili kuonyesha ukatili wa upande mwingine. Siku za mapigano picha za namna hii huwa nyingi, na nyingine ni za zamani au za nchi nyingine kabisa. Jina la mtu halijulikani, hali yake ya leo haijulikani. Jeraha lake limekuwa kuni za kuchochea moto. Kueleza ukweli juu ya mabaya ya vita ni haki na ni lazima. Lakini ushahidi una njia yake: unapelekwa kwa watu wanaokusanya ushahidi, jina likiwa limehifadhiwa. Kundi la WhatsApp lenye watu 200 si mahakama.

3. Kiswahili chetu kina nini?

Washiriki wengi huuliza: "Basi tuseme neno gani?" Tujibu kwa uangalifu, maana hapa kuna mtego wa kubadili maneno na kuacha moyo vilevile.

Maneno ya zamani ya Kiswahili, kama kilema, kiwete, kipofu na kiziwi, yako katika ngeli moja na kiti na kisu. Kwa sababu hiyo walimu wengine hufundisha kwamba yote ni maneno ya kumfanya mtu awe kitu. Lakini kijana na kiongozi nao wako katika ngeli hiyohiyo, na hatujasikia kiongozi akilalamika. Kwa hiyo tatizo haliko katika silabi ya mbele peke yake. Liko katika matumizi. Neno linaharibika linapomeza jina la mtu: "muulize yule kilema wa sokoni". Mtu huyo ana jina, ana kazi, ni baba wa watoto. Vyote vimefunikwa na mguu mmoja.

Hivi leo sheria na mashirika yanasema "mtu mwenye ulemavu" au "mtu anayeishi na ulemavu". Faida yake ni kwamba neno "mtu" linatangulia. Lakini tusilazimishe. Watu wasiosikia wa Tanzania wameunda chama chao wakakiita Chama cha Viziwi Tanzania. Wao wenyewe walichagua neno hilo, kwa maana wanajiona ni jamii yenye lugha yake, yaani lugha ya alama. Kwa upande mwingine, watu wengi wenye ualbino wamekataa kabisa neno "zeruzeru", kwa sababu ya dharau na uongo uliofungwa ndani yake. Kanuni ni nyepesi: mwenye hali ndiye mwenye neno. Umuulize anapenda kuitwaje. Na mara nyingi atajibu: "Niite jina langu."

Yako maneno mengine ya kuachwa kwa sababu ni uongo. Mtu asiyesikia tunamwita "bubu", huku yeye anaongea kwa mikono siku nzima, na wengine wana sauti pia. Mtu mwenye shida ya kujifunza tunamwita "zezeta". Mtu mzima wa miaka 40 tunamwita "katoto" kwa sababu tu anatembelea magongo.

Na vipi kuhusu methali yetu, "Hujafa hujaumbika"? Kila video ya mzaha inapotumwa, atatokea mtu mmoja mwenye hekima na kuiandika. Tunamshukuru, kwa maana amesimamisha kicheko. Lakini tuichunguze kidogo. Wengi wanaielewa hivi: usimcheke, maana inaweza kukufikia wewe pia. Hiyo ni hofu ya kesho yetu wenyewe. Heshima inakwenda mbele zaidi: usimcheke, maana yeye ni mtu sawa na wewe leo, hata kama wewe hutapatwa na kitu mpaka kufa kwako. Methali ni mlango mzuri wa kuingilia mazungumzo. Tusikae mlangoni.

4. Kujua sababu kunaondoa uongo

Uongo mwingi unaozunguka katika simu unakaa mahali ambapo watu hawajui sababu za ulemavu. Mwezeshaji asiwe munganga, lakini ajue mambo machache ya hakika.

Polio ni ugonjwa wa virusi. Unaingia kwa mdomo kupitia maji au chakula kichafu, na unaweza kupooza mguu wa mtoto kwa muda mfupi sana. Hauna dawa ya kuuponya, lakini una chanjo ya kuuzuia.

Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu miwili kwa ghafula. Umejulikana sana huko Kwango, na munganga Trolli aliuandika mwaka 1938. Unawapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa au vita ambapo familia haina nafasi ya kungojea siku zote za kuloweka. Angalia vizuri: kijiji kinaweza kumshtaki bibi kizee kwa uchawi, kumbe sababu ni sumu iliyobaki ndani ya unga wa mihogo.

Upofu wa mtoni unaletwa na mdudu anayeenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito inayokimbia kwa nguvu. Kuna dawa inayogawiwa vijijini kuuzuia.

Mguu wa kifundo, ambao mtoto anazaliwa nao ukiwa umepinda ndani, unaweza kunyoshwa kwa plasta tangu majuma ya kwanza, bila upasuaji mkubwa. Mzazi anayeficha mtoto kwa aibu anapoteza miezi ile ambayo mguu bado ni laini.

Mtu akituma sauti ya uongo katika kundi, jibu la hasira halisaidii sana. Jibu fupi lenye sababu ya kweli na jina la kituo cha afya cha karibu linasaidia zaidi.

5. Sheria zinasema nini?

Nchi yetu haikukosa sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya moyo, na kwamba Serikali ina wajibu wa kuendeleza kuwapo kwa mtu mwenye ulemavu katika ofisi za taifa, za jimbo na za mahali.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, na Kongo ilijiunga nao mwaka 2015. Kifungu chake cha 8 kinadai nchi zipige vita mawazo mabaya na desturi zinazodhuru, na zivitie moyo vyombo vya habari vionyeshe watu wenye ulemavu kwa heshima. Kifungu cha 11 kinadai walindwe wakati wa hatari, pamoja na vita na maafa ya asili.

Tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa sahihi sheria namba 22/003 juu ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Na Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu mtu anayemsumbua mwingine kwa njia ya mawasiliano ya kielektroniki.

Tunazitaja sheria hizi ili kikundi kijue kwamba hakiombi hisani. Lakini kazi yetu ya kwanza si kumpeleka kijana wa jirani polisi kwa ajili ya video moja. Ni kumkalisha, kumweleza, kumwomba aifute na aombe msamaha mahali palepale alipoituma. Kama anaendelea, au kama kuna vitisho, sheria iko.

6. Kunyamazishwa nako ni tatizo

Mpaka sasa tumesema juu ya yale yanayosemwa. Lakini kuna tatizo lingine: watu wenye ulemavu wanazungumziwa, wao wenyewe hawazungumzi. Ukihesabu katika kundi lako habari zote za mwezi mmoja juu ya ulemavu, ni ngapi zilizoandikwa na mwenye ulemavu mwenyewe?

Watu wa Kinshasa wanakumbuka kikundi cha muziki cha Staff Benda Bilili. Wengi wao walipooza miguu kwa polio na walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizotengenezewa. Walifanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa. Sahani yao "Très Très Fort" ilitoka mwaka 2009, na filamu juu yao ilionyeshwa Cannes mwaka 2010. Jina lao kwa Kilingala linataka mtu atazame kupita yale yanayoonekana kwa nje. Kati ya nyimbo zao upo mmoja unaowahimiza wazazi wapeleke watoto kwenye chanjo ya polio. Hapo walioathirika na ugonjwa ndio waliofundisha taifa. Kwa maoni yetu, ujumbe huo ulikuwa na nguvu kupita mabango mengi, kwa sababu ya nani alikuwa anausema.

Kukosa sauti kunaweza kuua. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 Mei, serikali ya jimbo iliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma wahame. Amri ilitangazwa kwa sauti, na makundi ya WhatsApp yakajaa sauti juu ya sauti, nyingine za kweli, nyingine za uongo. Kwa mtu asiyesikia, sauti hizo zote ni ukimya. Anaona majirani wanafunga mizigo, hajui kwa nini. Kwa mtu anayetembelea magongo, njia ya Sake ni ya kilomita zaidi ya 20. Katika siku kama ile, kundi la mtaa ambalo limezoea kumcheka mtu halitamkumbuka. Kundi ambalo limezoea kuongea naye litajua nyumba yake iko wapi.

Ndiyo maana tunaomba kila kundi la mtaa lifanye mambo manne mepesi:

• Tangazo la hatari litumwe kwa namna mbili: kwa sauti, kwa ajili ya wasioona na wasiojua kusoma, na kwa maandishi, kwa ajili ya wasiosikia.

• Picha yenye habari iandikiwe maneno chini yake. Simu nyingi za leo zina programu ya kumsomea mtu asiyeona maandishi kwa sauti, lakini picha tupu haisomeki vizuri.

• Shefu wa mtaa au nyumbakumi ajue, kwa idhini yao, ni nani watahitaji msaada siku ya kukimbia, na nani atawasaidia. Orodha hiyo isitumwe katika kundi.

• Kati ya wasimamizi wa kundi awemo mtu mwenye ulemavu, mwenye uwezo wa kufuta kama wengine.

7. Maswali matano kabla ya kutuma

Tunapendekeza kila mwanachama ayaandike na kuyabandika mahali atakapoyaona:

1. Mtu huyu anajua kwamba ninatuma picha yake, na amekubali?
2. Kama angekuwa dada yangu au baba yangu, ningeituma?
3. Jina lake, kazi yake na maneno yake yamo, ama kuna ulemavu tu?
4. Ninajua kwamba habari hii ni ya kweli, ya wapi na ya lini?
5. Inamsaidia nani? Kama jibu ni "inachekesha tu", iache.

8. Zoezi la kikundi

Washiriki wagawanyike kwa watu wanne wanne. Kila kikundi kipewe ujumbe mmoja, kieleze ni sura gani kati ya zile sita, kisha kiuandike upya. Ujumbe huu tumeutunga kwa ajili ya somo.

Ujumbe wa kwanza: "Hata kiwete huyu anauza mandazi, na wewe unakaa bure!" Mfano wa kuandika upya: "Mama huyu anauza mandazi karibu na soko kila asubuhi. Ni matamu, na bei ni nzuri. Amekubali tuwajulishe."

Ujumbe wa pili: "Viziwi wa upande ule hawataki amani." Mfano: "Jirani zetu hawajakubali pendekezo letu juu ya malisho. Tuwaulize wanataka nini."

Ujumbe wa tatu: "Muoneeni huruma huyu mtoto, Mungu alimsahau." Mfano: "Familia moja ya mtaa wetu inatafuta pesa za plasta ya mguu wa mtoto. Mzazi amekubali tuwaombe. Anayetaka kusaidia amuulize msimamizi faraghani." Picha haihitajiki.

Ujumbe wa nne: picha ya mtu aliyekatwa mguu, na maneno "Tazameni walichotufanyia, tulipize." Hapa jibu bora ni kutotuma kabisa. Kikundi kizungumze: kama mtu huyu anataka kuleta ushahidi, tumsaidieje afike mahali salama?

Katika zoezi hili ni vizuri sana kama watu wenye ulemavu wamo ndani ya kila kikundi. Lakini wasigeuzwe kuwa walimu kwa nguvu. Wengine wanapenda kueleza maisha yao, wengine wamechoka kuyaeleza. Wote wana haki.

9. Maswali ya kuzungumzia

• Katika lugha ya mama yenu, ni majina gani mnayotumia kwa watu wenye ulemavu? Yapi yana heshima, yapi yana dharau? Nani aliwaambia hivyo?

• Je, kuna mtu mwenye ulemavu katika kamati yenu ya amani? Kama hayupo, ni nini kinamzuia: ngazi za nyumba ya mkutano, bei ya usafiri, lugha ya alama, ao mawazo yetu?

• Mchungaji, imamu au katekista wa kwenu anaweza kusema nini juu ya somo hili?

• Msimamizi wa kundi afanye nini mtu anaporudia kutuma mizaha baada ya kuonywa?

Mwisho, jambo la kufanya. Tunaomba kila kikundi kichague kundi moja la WhatsApp ambalo wanachama wake wengi wamo, kikubaliane kanuni tatu za heshima, na kikae baada ya miezi mitatu kuona kama zimefuatwa. Siku ya tarehe 3 Desemba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, ni nafasi nzuri ya kufanya kikao hicho pamoja na vyama vya watu wenye ulemavu vya mahali penu. Wao wachague ajenda na waongoze mkutano. Sisi wengine tuje mapema, tupange viti, na tuache njia pana kati ya viti ili baiskeli za magurudumu matatu ziweze kupita.